Bei ya Jicho na Thamani ya Lililoonwa

Kuna maneno mawili katika lugha yetu ambayo aghalabu hutumika kama kwamba ni ndugu wa tumbo moja, kumbe ni majirani tu: bei na thamani. Bei ni neno la sokoni; hutamkwa, hubishaniwa, hupandishwa na kushushwa, na ya leo si lazima iwe ya kesho. Thamani ni sifa ya kitu katika maisha ya watu. Haitamkwi na mtu mmoja, wala haipungui kwa sababu soko limelala. Maji ya kisima hayana bei kubwa, lakini hapana aliyepata kusema kwamba hayana thamani. Swali la insha hii ni hili: chombo kilichotengenezwa kwa kazi kikiondolewa katika kazi yake, kikafungiwa kabatini, na bei yake ikapanda kwa sababu ya kufungiwa huko, je, thamani yake imepanda pia, au imekufa na bei imevaa nguo zake?

Mfano tulioushika ni kamera ya filamu na lenzi zake, hasa zile za daraja la juu zinazokusanywa na wenye uwezo. Si mfano wa mbali kama mtu awezavyo kudhani. Ni vigumu kupata nyumba hapa Mkuza, au penginepo katika Kibaha na Kisarawe, isiyokuwa na picha ya zamani: ya arusi ya wazee, ya kijana siku aliyomaliza shule, au ya marehemu ambaye sura yake isingalikumbukwa tena. Mgeni akikaribishwa sebuleni, albamu hutolewa kabla chai haijapoa. Kamera ilifika kwetu kama fundi aliyeitwa kufanya kazi. Mahali pengine imegeuka johari.

Mageuzi hayo ni ya ajabu kwa kuwa yalitokea wakati ambapo wengi walitazamia kinyume chake. Kamera za dijiti zilipoenea, ilidhaniwa kwamba za filamu zingetupwa kama taa za karabai mjini umeme ulipofika. Kampuni ya Kodak, iliyolisha ulimwengu filamu kwa zaidi ya karne, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Januari 2012. Canon iliacha kuuza kamera yake ya mwisho ya filamu mwaka 2018, na Nikon ikaifuata mwaka 2020. Lakini bei za kamera bora zilizokwisha tengenezwa hazikuanguka zote, nyingine zilipanda. Contax T2, kamera ndogo ya mfukoni iliyotolewa mwaka 1990, ilitafutwa kwa bei kubwa baada ya watu mashuhuri wa Marekani kuonekana nayo mkononi. Kamera ilikuwa ile ile. Kioo chake hakikuongezeka uangavu hata chembe. Kilichoongezeka ni macho ya watu waliotaka kuonekana nayo.

Yafaa tuitazame bei hiyo kwa haki, maana si yote ni hila. Bei ya kamera bora husimama juu ya nguzo nne: kazi, uchache, jina na kisa. Nguzo ya kwanza ni ya kweli kabisa. Mwaka 1966 kampuni ya Leitz ya Ujerumani ilitoa lenzi ya milimita 50 iitwayo Noctilux, iliyokusudiwa kupiga picha penye mwanga hafifu. Ndani yake mlikuwa na nyuso mbili za kioo zenye mviringo usio wa kawaida, na kwa kuwa hapakuwa na mashine iliyoweza kuzichonga peke yake, zilisuguliwa kwa mkono wa fundi stadi. Lenzi zilizoharibika katika kusuguliwa zilikuwa hasara. Mtu alipaye sana kwa kazi ya namna hiyo hajadanganywa. Amelipa ujira wa mikono. Mchongaji wa mlango wa Zanzibar na mjenzi wa jahazi wanalijua jambo hili bila ya kusoma kitabu cha uchumi.

Nguzo ya pili, uchache, ina sura mbili, na hapa ndipo akili ya mnunuzi hupotea njia. Kuna uchache wa kuzaliwa na uchache wa kuamriwa. Kabla kamera ya Leica haijaingia sokoni mwaka 1925, kiwandani Wetzlar palitengenezwa chache za majaribio. Mojawapo, yenye namba 105, ilikuwa ya Oskar Barnack mwenyewe, fundi aliyeibuni, na jina lake limechorwa juu yake. Mwezi wa Juni 2022 kamera hiyo iliuzwa mnadani kwa euro milioni 14.4 pamoja na ada, na hapajapata kusikiwa kamera iliyofikia hapo kabla yake. Uchache wake ni wa kuzaliwa: Barnack alikuwa mmoja, na kamera aliyotembea nayo haiwezi kuundwa tena. Uchache wa kuamriwa ni mwingine. Ni pale mtengenezaji mwenye uwezo wa kutoa elfu anapotoa mia, akazipiga namba, akazivika ngozi ya fahari, akatangaza kwamba hapatakuwa na nyingine. Hapo hakuna kilichokuwa haba isipokuwa ruhusa.

Jina hujengwa polepole kwa kazi njema, kisha huuzwa haraka. Kisa kina mashaka zaidi. Mwaka 2015 kampuni ya Leica ilitoa seti 125 za kamera ya dijiti iliyobuniwa pamoja na mwanamuziki Lenny Kravitz, na rangi nyeusi ya kamera hizo ilikwanguliwa kwa mkono kiwandani hata shaba ikatokeza, ili zifanane na kamera ya mwandishi wa habari aliyezunguka nayo vitani miaka mingi. Tulifikiri sana juu ya jambo hili. Makovu ya kamera ya kazi ni ushahidi: hapa iligonga ukingo wa lori, hapa jasho la kiganja liliila rangi. Makovu ya kiwandani ni ushahidi wa jambo ambalo halikutokea. Ni kama kumuuzia mtu mvi asizozeekea. Mnunuzi hakudanganywa, kwa kuwa aliambiwa wazi. Lakini amekubali kulipia heshima ya safari asiyoifunga, na muuzaji amegundua kwamba heshima hiyo ina soko.

Isidhaniwe kwamba hii ndiyo njia pekee ya kuuza kamera. Mwaka 1900 Kodak ilitoa kamera ya sanduku iliyoitwa Brownie kwa dola moja ya Marekani. Haikuwa sadaka. Mwenye kiwanda alijua kwamba kila anunuaye kamera atarudi kununua filamu, naye alipenda kupata senti nyingi za watu wengi kuliko fedha nyingi za watu wachache. Bei hiyo ilifanya jambo ambalo hati nyingi za haki za watu hazikulifanya: ilimpa mtoto na mtu wa kawaida uwezo wa kuamua sura ipi ikumbukwe. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza utotoni kwa kamera ya namna hiyo. Mwaka 1963 alianzisha Camerapix mjini Dar es Salaam, na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia, zilizotangazwa na BBC, ziliuamsha ulimwengu uliokuwa umelala. Alifariki mwaka 1996 katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa ikaanguka baharini karibu na Ngazija. Kazi yake husimuliwa duniani kote, lakini hapana aulizaye kamera yake ya kwanza ilinunuliwa bei gani.

Basi kila bei ni kauli juu ya watu. Bei ya dola moja ilisema, “Njooni nyote.” Bei ya seti mia na ishirini na tano yasema, “Njooni wachache, na wengine watazame.” Hapana sheria inayomkataza mtengenezaji kusema mojawapo, lakini msikilizaji naye hakatazwi kuelewa alichoambiwa.

Tukiwa hapa Pwani, penye mikorosho mashambani, yatupasa kuuliza swali ambalo mkusanyaji wa kamera halimjii akilini: ni nani mwenye haki ya kutaja bei? Mtengenezaji wa lenzi hutaja bei yake na ulimwengu husubiri. Mkulima wa korosho huambiwa bei yake. Hupeleka mazao ghalani, hupewa stakabadhi, na bei hutoka mnadani vinywani mwa wanunuzi. Mwezi wa Oktoba 2018 wakulima wa kusini waliikataa bei iliyotolewa mnadani. Novemba, Rais John Magufuli aliamuru Serikali izinunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Ilihitajika amri ya mkuu wa nchi ili bei ya mkulima ipandishwe. Kwa fedha zetu za mwaka 2022, ile kamera ya Barnack iliuzwa kwa zaidi ya shilingi bilioni 30. Kwa bei ile ya amri, fedha hizo zingenunua zaidi ya tani elfu tisa za korosho.

Jambo la kutafakari ni kwamba vyote viwili viliuzwa mnadani. Mnada ni mmoja kwa jina, lakini hauwatendei watu sawa. Kamera ya Barnack ni moja na wanaoitaka ni wengi, nayo inaweza kungoja miaka mia mingine. Kwa hiyo wanunuzi hupigana wao kwa wao. Wakulima ni wengi na wanunuzi wachache, tena korosho haingoji, na ada ya shule ya mtoto haingoji. Kwa hiyo wauzaji ndio wanaosalimu amri. Bei, basi, si kipimo cha jasho wala cha faida ya kitu kwa wanadamu. Ni kipimo cha nani anayeweza kungoja. Mtu akilifahamu hili hataona haya kwa sababu zao lake ni rahisi, wala hatajivuna kwa sababu kamera yake ni ghali.

Lakini haki humtaka hakimu asikilize upande wa pili. Mkusanyaji ana hoja zake, na si dhaifu. Husema kwanza kwamba fedha ni zake. Tumekubali. Husema pili kwamba pasipokuwa na wapenzi kama yeye, mafundi wa kutengeneza kamera za kale wangekufa njaa na maarifa yao yangezikwa pamoja nao. Hili nalo ni kweli: fundi saa haishi kwa saa zisizoharibika wala zisizokuwa na wenyewe. Na kwa sababu ya hamu ya wapenzi hao baadhi ya kamera zimezaliwa mara ya pili. Leica M6, iliyotolewa kwanza mwaka 1984 na kuachwa baadaye, ilirudishwa kiwandani mwaka 2022, ingawa kwa bei iliyozidi dola 5,000 katika Marekani. Husema tatu kwamba yeye ni mhifadhi: alichokifungia leo, makumbusho ya kesho yatamshukuru kwacho. Hoja hii ya tatu ndiyo kubwa, nayo inastahili kujibiwa kwa makini.

Wazee walisema akiba haiozi, nao walisema kweli kwa nafaka iliyokaushwa vema na kwa wema uliotendwa. Lakini lenzi iliyofungiwa kabatini katika nchi yetu ya Pwani huoza. Hewa yetu ina unyevu na joto. Gizani, ndani ya mfuko wa ngozi, ukungu huota juu ya kioo. Huanza kama uzi mwembamba wa buibui, kisha hutandaa, na asidi yake hula utando wa kioo na mwishowe kioo chenyewe, hata isiwezekane tena kukisafisha kikawa kama kilivyokuwa. Mafuta ya kile kipazia kinachofunguka na kufunga ndani ya kamera hukauka na kunata kisipotumika. Dawa ya maradhi hayo ni mahali pakavu, hewa, mwanga na kazi. Wajuzi hushauri kamera itolewe mara kwa mara, ifyatuliwe, na lenzi ioneshwe mwanga. Hatukuleta habari hii kwa ajili ya kupamba hoja. Ni sheria ya chombo chenyewe: kiliumbwa kupitisha mwanga, na kikinyimwa mwanga hujila. Mwenye kuhifadhi kwa kutumia ni mhifadhi kweli. Mwenye kuhifadhi kwa kuficha, walau katika hewa ya nchi hii, ni mharibifu mwenye subira.

Kuna lenzi zilizokuwa adimu kupita hizi, nazo zilifanya kazi. Kampuni ya Zeiss ilitengeneza kumi tu za namna moja ya Planar, kwa ajili ya shirika la anga la Marekani, NASA. Tatu zilinunuliwa na mtengeneza sinema Stanley Kubrick, naye akazitumia kupiga vyumba vilivyoangazwa kwa mishumaa katika filamu yake ya mwaka 1975, *Barry Lyndon*. Uchache haukuwa kisingizio cha kuzifungia. Ulikuwa sababu ya kuziheshimu kwa kazi isiyowezekana kwa lenzi nyingine.

Sasa tufike kwenye kiini cha shauri letu. Kamera ni jicho, na picha ni lile lililoonwa. Ulimwengu umejifunza kulipia jicho mamilioni, na lililoonwa kuliacha lioze. Zanzibar ilikuwa na wapiga picha tangu karne ya kumi na tisa. A. C. Gomes, mtu wa asili ya Goa, alifungua studio yake huko, na baada yake wakaja wengine. Ranchhod Oza, aliyetoka Bara Hindi, alianzisha Capital Art Studio mwaka 1930. Alipiga picha za jumba la Sultani, za mitaa na watu wake, na mwanawe Rohit akairithi kazi hiyo. Nyuso za visiwa kabla na baada ya Mapinduzi ya 1964 zimo katika picha za watu kama hao. Katika bara nako, kila mji mdogo ulipata studio yenye pazia la mandhari ya bustani au ndege, na kiti kimoja ambacho ukoo mzima ulikikalia kwa zamu.

Studio zikifungwa, hufa vitu viwili, na bei yao haifanani. Kamera huuzwa upesi. Negativu, yaani filamu zilizokwisha safishwa ambazo picha huchapwa kutoka kwazo, hubaki katika maboksi. Filamu ya asetati ikikaa katika joto na unyevu huanza kuvunjika yenyewe. Hutoa harufu kali ya siki, hujikunja, husinyaa, na sura zilizomo hupasuka. Harufu hiyo ikisikika, kazi ya uharibifu imekwisha anza na haiwezi kurudishwa nyuma. Yawezekana kupunguzwa mwendo tu, kwa ubaridi na ukavu. Hapana mnada wa Wetzlar unaongojea boksi la negativu za wanafunzi, maarusi na wavuvi wasiojulikana. Na bado boksi hilo ndilo lisiloweza kutengenezwa tena. Kiwanda chaweza kurudisha kamera ya mwaka 1984. Hakuna kiwanda kiwezacho kurudisha asubuhi moja ya mwaka 1964, wala uso wa bibi aliyeketi juu ya kiti kile.

Hapa kwetu Kibaha pana mahali paitwapo Picha ya Ndege. Basi husimama, kondakta huita jina, watu hushuka. Jina limekaa na watu kwa kuwa linatumika kila siku, nalo halikuhitaji kabati. Ndivyo thamani inavyoishi: kwa kupita mikononi na vinywani mwa wengi.

Kwa hiyo hukumu yetu si ya kumlaani mkusanyaji wala ya kumsifu. Atakaye kununua kamera ghali na anunue, ila apambanue amenunua nini: kazi ya mikono, au uchache ulioamriwa, au kisa cha mtu mwingine. Kisha akumbuke kwamba chombo cha kazi kina dai juu ya mwenyewe. Ama akitumie, ama ampe atakayekitumia, ama akiweke mahali ambapo umma utakiona na kijana atajifunza kwacho. Na fedha itakayobaki, hata iwe ndogo, ailekeze kwenye lililoonwa.

Kwa sisi tulio katika vyuo, wajibu ni mzito zaidi, maana hatuwezi kusingizia kutojua. Tumetumia miaka mingi kukusanya tenzi, barua na methali, nasi tulifanya vema. Hati ikiliwa na mchwa twalia. Boksi la negativu ni hati vilevile, ila imeandikwa kwa nuru. Lingefaa kukusanywa kwa bidii hiyo hiyo, kutoka kwa wapiga picha wazee wa miji midogo wangali hai, kwa ridhaa yao na kwa malipo ya haki.

Na kwa yule asiyekuwa na chuo wala fedha, ipo kazi moja isiyo na bei kabisa. Achukue picha zilizomo nyumbani mwake, akae na mzee wake jioni moja, amwulize huyu ni nani na yule ni nani, na ilikuwa mwaka gani. Kisha aandike majina hayo nyuma ya kila picha kwa penseli, taratibu, asiikandamize karatasi. Picha isiyo na jina hufa mara ya pili siku anapokufa mtu wa mwisho aliyemtambua aliyemo.